Mapipa Mawili na Mtani Wangu Kondo

Tulimzika Maria, mdogo wangu, siku ya Jumanne. Kabla jeneza halijatolewa ndani ya nyumba yake pale Ng'ambo, hapa Tabora, akatokea mwanamume mmoja Mzaramo, fundi cherehani wa mtaa wa pili, amejifunga khanga ya marehemu kiunoni na kuvaa miwani yake. Akaketi mlangoni, akaizuia njia, akaanza kuiga sauti yake: "Nani kaingia na viatu kwenye sakafu yangu? Mmelelewa zizini?" Ndivyo Maria alivyokuwa, hasa. Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, machozi yangali yakiwatoka. Mjukuu wangu aliyekuja kutoka Dar es Salaam akakunja ngumi. "Babu, huyu mtu hana adabu. Nimtoe?" Nikamshika mkono, nikamwambia huyo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi, na kwamba kama asingekuja ningejiuliza tumewakosea nini Wazaramo. Nikamweleza kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakitoka hapa hapa na pembe za ndovu mabegani, wanatembea miezi mitatu mpaka pwani, na huko njiani na pwani kwenyewe ndiko walikoanza kutaniana na wenyeji: kutukanana bila kukasirikiana, kunyang'anyana vitu bila kushtakiana, kuzikana. Kijana alitikisa kichwa tu, kwa heshima. Lakini siku ya tatu ya matanga, tulipokuwa tumeketi kwenye mkeka, aliuliza tena, nami nikajikuta ninasimulia mambo ya mwaka mmoja ambao hata Maria mwenyewe sikuwahi kumweleza wote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wazazi hawakuwapo tena, na hayo nayaacha. Shule niliiacha darasa la nne, nikajifunza useremala. Tuliishi watatu, mimi, Maria wa miaka kumi na mitatu na Yosefu wa minane, katika chumba kimoja cha nyumba ya Bibi Zuhura, mjane wa Kiarabu ambaye mumewe aliwahi kufanya biashara ya asali na nta. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, alicholala Maria, na mkeka wangu na Yosefu. Ukutani nilitundika msumeno na randa vya kuazima, maana vya kwangu sikuwa navyo. Mpaka leo nikisikia harufu ya nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakichemka na karanga, ninamwona Maria amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza moto, na vumbi la mbao zangu limemkaa kwenye nywele. Ugali ulikuwa wa mtama. Yosefu alikuwa akihesabu matonge yangu kwa sauti ili nisizidishe.

Mwaka huo nilikuwa nikimfanyia kazi Bwana Hadli, Mzungu, mhandisi wa barabara aliyekaribia kustaafu. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha makarani wake, ila alikizungumza kama mtu anayesoma. Nyuma ya nyumba yake, siku mbili za treni kutoka baharini, alikuwa akijenga mashua ya matanga, yoti kama wenyewe wanavyoziita, kwa mbao za mninga. Mji mzima ulikuja kutazama. Wakristo na Waislamu walikubaliana kuiita safina, na watoto wakipita ukutani walikuwa wakiuliza kwa kelele kama tembo wamekwisha panda. Nilipiga randa kila ubao wa mashua ile. Siku ilipopakiwa kwenye behewa la wazi kwenda pwani, Bwana Hadli aliniambia anahitaji watu wawili wa kwenda naye mpaka visiwa vya Shelisheli. Baharia angempata Dar es Salaam, lakini alitaka pia mtu anayeijua mashua kwa ndani. Kama ningekwenda, tukifika salama, angeniachia sanduku lake la vifaa: misumeno minne, randa za kila namna, patasi za chuma cha Uingereza. Nililifahamu sanduku lile. Nilikuwa nikilifungua kila asubuhi na kulifunga kila jioni. Mtu mwenye sanduku lile Tabora asingemlaza mdogo wake na njaa tena.

Nilimsikia Bibi Zuhura akizungumza na jirani yake uani, hawajui kwamba nimekwisha rudi. "Anakwenda kuliwa na samaki," alisema jirani, "halafu hawa vifaranga atakuachia wewe." Nikasikia kinu cha Bibi Zuhura kikigongwa mara mbili tatu. "Basi nitakuwa mama wa watoto wa kanisani," alisema, "nitawapeleka misa mwenyewe, nisimame nje." Nikaingia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kana kwamba hakuna kilichosemwa. Jioni hiyo akaniita. "Mwanangu, nitawalea mpaka urudi. Nimesema mpaka urudi. Sikusema milele."

Kondo tulimpata Dar es Salaam. Alikuwa Mzaramo wa Kunduchi, wa miaka kama arobaini, mfupi, kifua kipana, amekwisha fika Shelisheli mara tatu. Aliposikia kwamba mimi ni Mnyamwezi wa Tabora alitupa chini kamba aliyoshika, akashika kichwa. "Bwana, umeniletea mpagazi! Huyu tutamtwika nini baharini? Hata bahari ameiona leo. Tazama anavyokodoa, anatafuta ng'ambo ya pili." Nami nikamjibu kwamba mababu zake walikuwa wakiwangoja mababu zangu njiani kama mbwa wanavyongoja mfupa. Akacheka mpaka akakaa chini. Alikula nusu ya muhogo wangu bila kuuliza, na tangu siku hiyo tulikuwa ndugu.

Sasa nifike kwenye mapipa. Chini ya sakafu ya mashua palikuwa na tangi dogo la maji, lisilotosha safari. Bwana Hadli aliniagiza nitengeneze mapipa mawili ya kufungwa juu ya sitaha, nami nilikuwa nimeyatengeneza Tabora, kwa mninga ule ule, na viungo vyake nikavipaka nta ndani, tabaka baada ya tabaka, kama tunavyoziba vyombo vya asali. Chombo kilichozibwa hivyo hukaa mwaka mzima hakidondoshi. Kondo aliyagonga kwa kidole. "Haya yamelowekwa siku ngapi?" Nikamwambia hayahitaji kulowekwa, yamezibwa kwa nta. "Nta! Mtani, umetuletea mizinga ya nyuki? Pipa la baharini hunyweshwa maji mpaka mbao zivimbe zishikane. Nta yako jua la huko litailamba kama mtoto anavyolamba asali." Tulicheka wote wawili. Alikuwa ametoka kuniambia kwamba Wanyamwezi huzaliwa na mzigo kichwani. Nikayachukua maneno ya mapipa na kuyaweka fungu moja na hayo. Tulijaza maji, nikayafunga kwa kamba mwenyewe.

Mpaka Aldabra tulikwenda siku sita na upepo mzuri, nikitapika siku tatu za kwanza huku Kondo akinishika ukosi na kuniuliza kama ninataka nitafutiwe punda. Aldabra ni kisiwa cha kobe wakubwa na ndege, na watu wachache waliokuwa wakivua kasa. Tulipika nao supu ya kasa chini ya paa la mabati, tukala na wali, wakatuambia kwa ishara na kwa Kifaransa chao kwamba maji yao ni ya mvua tu, na mvua haijanyesha. Bwana Hadli hakuwaomba hata kikombe. Alionyesha mapipa yangu, akasema, "Tunayo ya kutosha." Nilijisikia vizuri sana. Tukang'oa nanga kwenda Mahe, kisiwa kikuu cha Shelisheli, na siku ya nne upepo ukafa.

Mtu ambaye hajaona bahari ikitulia hivyo hawezi kuona ubaya wake. Tanga linaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mashua haiendi, lakini hailali pia. Inayumba huku na huku, chuma kinagonga mti, siku nzima, mpaka unatamani kupiga kelele. Sitaha ilichoma nyayo, tukawa tunaimwagia maji ya bahari kila saa. Siku ya saba tangi la chini likaisha. Bwana Hadli akafungua pipa la kwanza, akatumbukiza kijiti cha kupimia, akakitoa. Kilikuwa kimelowa kwenye ncha, urefu wa kiganja. Akafungua la pili. Hilo lilifika karibu nusu. Akapiga magoti, akatazama chini ya mapipa, lakini sitaha nzima ilikuwa imelowa maji tuliyomwaga wenyewe, ungejuaje yapi ni yapi? Akashuka ndani kutazama ramani. Mimi na Kondo tukabaki tumesimama, na nadhani Kondo aliona uso wangu ulivyo, akataka kunichangamsha. "Usilie, mtani," akasema. "Mimi ndiye niliyeyanywa. Kila zamu yangu ulipolala nilikuwa ninakunywa, naosha miguu, nanawa tena. Mpagazi akifa kwa kiu ni jambo geni? Nitakuzika vizuri."

Kichwa cha Bwana Hadli kilikuwa kimetokea mlangoni. "Rudia uliyosema."

"Utani, Bwana," Kondo akasema, bado anacheka. "Huyu ni mtani wangu."

"Mimi nimekaa nchi yenu miaka kumi na miwili. Utani naujua. Watu hawataniani juu ya maji katikati ya bahari." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kila mtu alikuwa akishika zamu peke yake. Maji hayapo. Na wewe umesema umeyanywa." Akatangaza kipimo: yeye na mimi vikombe vitatu kila mmoja kwa siku, Kondo kimoja, kwa kuwa vingine amekwisha vinywa. Na tukifika Mahe angemkabidhi polisi. Kondo aliacha kucheka polepole, kama mtu anayeona kwamba mlango aliodhani uko wazi ni ukuta.

Bwana aliporudi ndani nikaenda kwenye mapipa. Nilipitisha kidole kwenye kiungo upande ule unaopigwa na jua la mchana, na nta ikaingia chini ya ukucha wangu, laini, kama samli. Niligusa cha pili, vivyo hivyo. Mbao zilikuwa kavu, hazikuvimba, maana nta yangu yenyewe ilizizuia kunywa maji. Na nta ilipolegea, hapakuwa na kitu kilichozishikanisha. Nilisimama pale nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Kisha nikajifuta kidole kwenye suruali. Tendo hilo, la kujifuta kidole, nimelikumbuka mara nyingi kuliko harusi yangu.

Kondo alinikuta mbele, kwenye kivuli chembamba cha tanga. "Mwambie wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe anakuamini. Mweleze mambo ya Wazaramo na Wanyamwezi, akuulize akuulizavyo. Wewe ndiye shahidi wangu." Nikamwambia, "Nitamwambia." Sikumwambia. Nilijua kwamba Bwana Hadli akikubali kuwa ulikuwa utani, swali lake la pili litakuwa, basi maji yamekwenda wapi? Nami nilikuwa ninaona mbele yangu sanduku lile, na Yosefu akihesabu matonge. Nilijiambia kwamba upepo utarudi kesho, tutafika, nitazungumza nchi kavu ambako hakuna kitakachomdhuru mtu. Nilijiambia mengi. Kesho yake asubuhi Kondo alikunywa kikombe chake, akakilamba, akaketi kwenye usukani wa mashua isiyokwenda. Mchana nilimpelekea nusu ya kikombe changu kwa kificho. Alikitazama, midomo yake imepasuka na kuwa myeupe. "Umemwambia?" Nikasema bado. "Basi kanywe mwenyewe," akasema. Hakuongeza tusi lolote.

Siku moja na nusu. Kijana wetu, niliposimulia hapa, aliuliza, "Tu?" Ndiyo, siku moja na nusu tu. Lakini mwenye kiu haipimi siku kwa jua, huipima kwa kikombe kile kingine anachokiona mkononi mwa mwenzake. Asubuhi iliyofuata, Kondo aliposimama kuvuta kamba alipepesuka, akaangukia mlingoti, na paji la uso likachanika. Alijifuta damu, akaitazama mkononi, akakaa. Bwana Hadli alimfunga kitambaa bila ukatili wowote, kama mtu anayefanya lililo sawa. Mchana akaniita ndani. Palikuwa na joto kama tanuri, na harufu ya mafuta ya taa na samaki wa kopo. Mezani palikuwa na karatasi iliyoandikwa. Alinisomea: kwamba baharia Kondo amekiri mbele ya watu wawili kunywa maji ya wote na kuhatarisha maisha yao. "Wewe ulisikia," akasema. "Andika jina lako hapa." Akanipa kalamu.

Darasa la nne lilikuwa limenifundisha angalau kuandika jina langu. Nilishika kalamu. Juu ya kichwa changu, kupitia mbao nilizozipiga randa mwenyewe, nilimsikia Kondo akikohoa, kikohozi kikavu kisicho na kitu ndani. Nikaweka kalamu chini.

"Bwana, siandiki. Hayakunywewa. Yamevuja."

"Nilitazama."

"Ulitazama chini. Njoo utazame pembeni."

Alinifuata juu. Nikakwangua kiungo mbele yake, nikamwonyesha nta kwenye kidole, nikamweleza vyombo vya asali, na jua, na jinsi Kondo alivyonionya Dar es Salaam, na kwamba jambo hili nimelijua tangu juzi. Hilo la mwisho ningeweza kuliacha. Kondo alikuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo, anasikia kila neno. Bwana Hadli akainama, akapitisha kidole chake mwenyewe. Kisha akaenda kujaza kikombe, akampa Kondo, akajaza cha pili, akampa tena. "Nimekosa," alimwambia, kwa Kiswahili chake cha kusoma. "Naomba radhi." Kondo akasema, "Yamekwisha, Bwana." Kwangu Bwana hakusema chochote, wala Kondo.

Tulifanya kazi sote watatu. Maji yaliyobaki tukayateremsha kwenye tangi, tukafunika, na Kondo akatuonyesha jinsi ya kuyalowesha mapipa matupu na kuyaziba kwa pamba ya shati langu, ili mvua ikija tusikose cha kuikingia. Mvua haikuja, ulikuja upepo, jioni ya siku ya kumi, mdogo kwanza kama pumzi ya mtoto. Siku nne baadaye tuliiona milima ya Mahe. Katika tangi vilibaki vikombe saba.

Siku hizo nne ndizo zilizonichosha. Kondo alikuwa akiniambia, "Tafadhali, fundi, nipe kamba ile." Alikuwa akisema, "Asante, fundi." Nikimkaribisha chakula, "Nashukuru, tangulia." Nilijaribu kumtukana; nilimwambia kwamba hata papa wamemkataa kwa harufu. Akaitikia, "Ndiyo, fundi," akageukia tanga lake. Mahe tulikaa majuma matatu tukingoja meli, chumba kimoja nyuma ya duka la samaki wakavu, vitanda viwili vinatazamana. Alinikatia mkate kwa adabu kila asubuhi, kipande changu kikubwa kuliko chake. Bwana Hadli aliajiri mabaharia wengine, akaendelea mashariki na mashua yangu. Sanduku la vifaa alikwenda nalo. Hakunieleza, nami sikumwuliza. Siku ya kuagana alinipa jozi ya viatu vyake vya ngozi vya kahawia, vilivyokaribia upya, vikanienea. Havikuwa sanduku, lakini vilikuwa viatu vya kwanza maishani mwangu, na ndicho kitu pekee nilichokuwa nikiwapelekea wadogo zangu kama ushahidi kwamba nilikwenda mahali.

Kondo alinisindikiza stesheni ya Dar es Salaam, kwa kuwa mwenyeji humsindikiza mgeni. Alinibebea furushi la nguo, akanitafutia nafasi dirishani daraja la tatu, akanitakia safari njema kwa maneno ambayo ungemwambia shehe. Nilivua viatu nisivichafue, nikaviweka kwenye ukingo wa dirisha. Kengele ikalia. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa, ninatafuta neno la mwisho la kumwambia, ndipo mkono wake ulipoingia dirishani na kuvikwapua vyote viwili.

"Wee! Kondo! Viatu vyangu!"

"Vya nani?" Alikuwa amekwisha rudi nyuma hatua mbili, amevishika juu kwa kamba zake. "Tangu lini mpagazi akavaa viatu? Babu yako alikuja huku kwa nyayo, na wewe utarudi kwa nyayo! Nimekausha koo siku mbili kwa ajili ya nta yako, mwizi wa asali wewe, mwana wa mzinga!" Treni ikajivuta. Watu wa behewa zima walikuwa wamejaa madirishani, wanacheka, mwanamke mmoja anauliza kama aite askari. Kondo alikuwa akikimbia kando ya treni, kovu la paji lake linang'aa, anatukana ukoo wangu wote mmoja mmoja. Nilitoa kichwa na mabega yote nje, karibu nianguke, nikaanza kumtukana na mimi, Wazaramo wote na nazi zao na Kunduchi yao, wala sikunyamaza mpaka Pugu, sauti ilipokauka.